Mizani ya Sonara

Nta tuliipata kwa Luhende, mrina asali wa Ulyankulu,
bonge jeusi, miguu ya nyuki bado imo ndani.
Nyanzala akaiyeyusha, akaiacha ipoe kidogo,
akamimina juu ya udongo, akabakiza tundu la shina tu.
"Sasa, mama, maji hayana pa kutorokea
ila kwenye jani."

Oktoba, Isevya. Ndoo ya maji shilingi mia tano,
na muuza maji anajua huna pengine pa kwenda.
Mimi nauza miche. Maji yangu nayapima
kama anayempimia mgonjwa dawa.
Kwa hiyo binti aliposema rangi ya mwanga hubadili kiu ya jani,
sikucheka. Nilimuuliza: ipi nafuu?

Masanduku matatu ya sabuni, kila moja na dirisha lake:
nailoni nyekundu ya kufungia zawadi za harusi, mikunjo miwili
ili mwanga usizidi wa wenzake;
kijani, ya duka lile lile;
na bluu tuliikata kwenye turubai.
(Turubai nitalirudia.)
Ndani, miche ya nyanya kwenye vikopo vya nyanya,
jambo lililomchekesha Nyanzala kuliko lilivyostahili.

Sonara wa Kanyenye alitukopesha mizani kwa sharti:
isiguswe na mkono wenye udongo.
Asubuhi tunapima, jioni tunapima.
Siku ya tatu, bluu: gramu kumi na moja zimekwenda hewani.
Nyekundu: saba.
Nikarudia kupima. Saba.

"Jani lina vinywa," akaniambia, "upande wake wa chini,
vidogo, hata ncha ya sindano ni nguzo mbele yake.
Bluu ndiyo inayobisha hodi. Alfajiri, jua halijakomaa,
bluu kidogo tu, vinywa vinafunguka,
hewa inaingia kupikwa na mvuke unatoka,
mlango ni huo huo mmoja.
Nyekundu ni kuni. Kupika inapika,
ila kubisha kwake ni kwa mgeni mwenye haya."

Na kijani?
Ewe kijani, jina lako lilitoka kwenye jani,
na jani lenyewe ndilo linalokurudisha mlangoni.
Tunachokiona shambani kote huku, kumbe,
ni chakula kilichobaki sahanini.
Si chote, Nyanzala akanisahihisha: kipo kinachopenya
hadi tabaka za chini, ambako nyekundu haifiki.
Sawa. Si chote.

Nikasema basi, bustani nzima naivika nyekundu.
Akasema subiri.
Wiki ya tatu miche ya nyekundu ilikuwa mirefu, shingo nyembamba,
majani yamejikunja kama sikio la mbwa aliyekemewa.
Haikuwa na kiu. Haikuwa na nguvu pia.
"Lazima ionje bluu," akasema. "Kidogo."
Nikauliza kidogo ni kiasi gani.
Alikuwa hajafika kwenye sura hiyo.

Turubai, sasa. Tulilinunua lilipochanika,
lile la msiba wa mama yangu, Oktoba nyingine.
Chini yake adhuhuri yote ilikuwa bluu:
bluu mikono ya wanawake wakimenya viazi,
bluu kikombe, bluu meno ya shemeji yangu Mwashi,
na pipa likakauka kabla ya alasiri.
Nililaumu joto. Nililaumu watoto.
"Ngozi haina vinywa vya namna hiyo, mama."
Najua, Nyanzala. Nimesema tu pipa lilikauka.

Pale tulipokata pamebaki mraba wa mwanga mweupe
unaotembea uani tangu saa tatu hadi saa tisa.
Nimekiweka pale kikopo kimoja kilichotoka kwenye nyekundu,
nakisogeza kila ninapopita.
Jani la juu limeanza kujikunjua, au nimetaka kuliona hivyo.

Mizani nimeirudisha. Sonara akaona punje ya nta kwenye sahani,
akaikwangua kwa ukucha, akainusa,
akanitoza mia tano.
Bei ya ndoo.